Raba za Karume

Nilizipata Karume, elfu kumi na nane,
baada ya kuondoka na kuitwa mara mbili.
Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje:
kuna mtu, sijui wa wapi,
alikimbia akiegemea huko.

Saa kumi na moja alfajiri natoka Hananasifu.
Kilomita ya kwanza mapafu yananidai.
Ya nne, yamesamehe.
Darajani Tanzanite upepo wa chumvi unanikausha shingo,
Bi Mwanaidi ananipita, miaka sitini na mbili,
kila soksi na rangi yake:
"Usikaze mabega, we mtoto!"

Ya kumi na mbili
sina jina, sina kodi ya nyumba.
Jua linatokeza.
Kivuli changu lamini
kinaegemea kushoto,
kama cha mwenyewe.