Saa Tisa Usiku, Mwaka wa Sabini

Umeme ukikatika kule pampuni
ruta husahau miaka yote.
Ikiwaka, inaapa kwamba leo ni tarehe mosi Januari,
elfu moja mia tisa sabini, saa tisa za usiku,
na mimi ninayebisha hodi kutoka Ngamiani
sijazaliwa, cheti changu
kimetiwa sahihi na watu wasiokuwapo.
Inanifungia mlango. Kihalali kabisa.

Ndipo nampigia Sechonge, mlinzi.
"Kibonyeze kile kidude cha pembeni, hesabu kumi,
ikaulize saa kwa wenzake."
Naye huhesabu kwa sauti, polepole,
kama anayepima mchele wa mtu mwingine.
Akifika saba husimama, ana jambo la kusema:
nyani wamekula mahindi, goti linamsumbua,
redio ya Muheza siku hizi matangazo matupu.

"Sabini?" aliuliza siku moja. "Ndio mwaka wangu.
Mama alishikwa na uchungu shambani, kwenye mkonge,
akamaliza kwanza matita yake, ndipo akanizaa.
Kwa hiyo hiki kidude, umeme ukikata,
kinakwenda kumtazama mama?"

Niliandika daftarini: Hitilafu ya saa. Mara ya kumi na nne.

Toleo jipya lilikuja Jumanne, na maelezo ya mstari mmoja:
marekebisho ya saa baada ya kukatika umeme,
na maboresho mengine madogo.
Mengine yapi, hawakusema.

Kubadili programu ya ruta ukiwa mbali
ni kung'oa ngazi uliyopandia
ukiamini aliye juu atakuteremshia nyingine.
Nilinakili mipangilio yote kwa kalamu,
nyuma ya bahasha ya bili.
Saa nane kasoro robo. Barabara ya Kumi na Mbili imelala,
baiskeli zimefungwa minyororo madirishani.
Nikabonyeza.

Asilimia kumi. Thelathini na moja.
Sitini na nane ikakwama.
"Ya kijani imezimika," akasema Sechonge.
"Ya njano inakonyeza, kama mtu mwenye siri."
"Usiiguse."
"Siigusi. Hata mbu akitua namfukuza."
Halafu: "Zote zimezima, mwanangu."

Nikaiona pikipiki, tope, kebo magotini,
nikamwona Bwana Mntambo ofisini akiuliza
kwa nini Makorora imeamka na ndoo tupu.
Nilikunywa maji, yakanipalia.

"Kijani," akasema. "Kijani, kijani. Tatu."

Nikamwambia akate umeme mwenyewe, swichi kubwa, kisha aurudishe.
Ruta ikaamka, ikauliza saa kwanza,
ikajua mwaka, ikajua siku, hata dakika.
Ikanifungulia.

"Haiendi tena sabini?"
"Haiendi."
Nikaisikia pampu ikivuta nyuma yake.
"Basi sawa," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyepewa chenji pungufu
na hataki ugomvi na mwenye duka.

Wiki tatu. Umeme umekatika mara nane,
kumbukumbu zinaonyesha, kila moja na tarehe yake sahihi.
Simu yangu haikulia. Mimi nami
sikuwa na sababu ya kupiga.
Daftari jeupe. Bwana Mntambo amenisifu mbele za watu.

Jana usiku, ya tisa.
Nikatazama kioo: imezima, imewaka, iko salama.
Simu ikaita.
"Umekatika, umerudi. Taa zote kijani."
"Naona huku."
"Najua unaona."

Kimya kidogo. Chura, na pampu.
Kisha akaanza: moja, mbili, tatu,
polepole, bila kubonyeza chochote.
Alipofika saba akasimama.
Sikumkatisha.