Arubuni

Siku mbili tu za likizo, na nauli ya kwenda na kurudi
imekwisha kufungwa kwenye ncha ya leso.
Kilichobaki ni pa kulala.
Nimekaa barazani kwetu Chumbageni, kalamu sikioni;
nyuma ya daftari la sukari na mchele
nimeandika AMANI, na chini yake namba tatu za simu.

Kilua anamenya chungwa la Muheza kwa kidole gumba,
ganda moja refu, halikatiki.
Jicho lake la kulia lilifunga duka mwaka juzi;
la kushoto linahesabu chenji za mwisho.
Daktari alisema ni presha ya macho, kama anayemtaja jirani.
Mimi ndiye niliyesema: twende msituni kabla.
Kabla ya nini, sikumalizia.

Namba ya kwanza, bwana mmoja mchangamfu:
"Mama, sisi tuko juu kabisa, chai yote iko miguuni pako,
asubuhi unaukuta ukungu umelala bondeni kama shuka.
Chumba cha mbele elfu tisini, cha nyuma sitini."
Cha nyuma kina kasoro gani?
"Hakina kasoro. Kinatazama tangi la maji."
Elfu thelathini, basi, ndiyo bei ya kutazama.
Nikaandika 90. Nikamwangalia mume wangu.
Nikaandika 60,
nikaona haya, nikazifuta zote mbili.

Namba ya pili, binti mwenye sauti ya kusoma karatasi:
maji ya moto kuanzia saa kumi na mbili,
jenereta hadi saa nne, televisheni ukumbini,
kuku aagizwe mapema, siafu "mara mojamoja".
Mbega hushuka mpaka kwenye paa, akasema,
mnawapiga picha mkiwa kitandani.
"Hiyo jenereta," Kilua akaingilia, "inanguruma upande gani?"
Binti hakuwahi kuulizwa hivyo. Akaenda kuuliza.
Salio likaisha.

Nikamtuma mtoto wa jirani vocha ya elfu.

Namba ya tatu nilipewa na muuza iliki wa Ngamiani:
nyumba ya mtu, si hoteli, kule chini karibu na mto Sigi.
Mama Hoza akapokea huku anakaripia bata.
Chumba kimoja. Kitanda cha mvule, chandarua kina kiraka.
Choo cha nje; tochi mje nayo.
Dirisha?
"Lipo, ila mgomba umelifunika,
na nyuma ya mgomba kuna mdalasini,
na nyuma ya mdalasini kuna giza tu, mwanangu.
Sikudanganyi, hapa hakuna cha kuona."

Nikashusha kalamu, nikatafuta maneno ya kuaga.
Kilua akanyoosha mkono unaonata, akaichukua simu:
"Na cha kusikia?"

Kimya.
"Ngoja," akasema, "nina chungu jikoni."
Akaiweka simu dirishani, akaenda zake.

Kwanza mvua, lakini si hii yetu inayopita mbio kama mdaiwa;
mvua inayoshuka jani kwa jani, ikipumzika.
Kisha maji yanayobishana na jiwe.
Kisha chura mmoja, kama kijiko kinachogonga glasi,
wa pili akampinga, mara baraza zima likawaka.
Halafu mabawa, mazito, mtu anakung'uta mkeka angani.
"Hondohondo," akasema Kilua. Kidole chake kikachora hewani:
mto huku, bati huku, jiko kule, sisi hapa.
Dakika nne. Za vocha ya elfu.
Mimi nilikuwa nikitazama uso wake tu.

"Haloo? Kumbe mpo bado?
Elfu ishirini na tano, na chai.
Mkitaka nitaukata huu mgomba, mpate mwanga."
"Uache," akasema Kilua.

Nikatuma arubuni, elfu kumi.
Nikafungua ukurasa mpya, vitu vya kubeba:
makoti ya mvua. Chumvi ya ruba. Tochi.
"Tochi umeandika ngapi?" akauliza.
Moja.
"Andika mbili."