Fomu Haina Kisanduku cha Mahadhi

Kutaisi, Jumanne. Theluji imekuwa tope mlangoni.
Natela Gvenetadze anavua koti, anavua mkufu,
ananinyooshea mkono wa fundi:
miaka thelathini na minane
akikaza nyuzi za piano za watu.

"Daktari, usiku moyo wangu hutoka kwenye mahadhi.
Mpigo wa nne unachelewa,
kisha miwili inagombania mlango mmoja."

Fomu ya utafiti inauliza:
hafifu, wastani, au kali?
Nikatia alama kwenye wastani,
nikaona haya.

Miezi tisa alimeza kidonge cheupe kila alfajiri.
Mimi sijui kama ni dawa,
yeye hajui kama ni chaki;
ndivyo tulivyotia saini,
vipofu wawili tumeshikana mikono
katikati ya barabara.
Kila mwezi aliniletea jozi zilizotungwa kwenye uzi,
na daftari: tarehe, saa,
na nota alizozisikia kifuani akiwa amelala chali.

Leo bahasha zimefunguliwa.
Nambari arobaini na saba: unga mtupu.

Nilitafuta neno la kumpa moyo
mtu aliyenipa wake niutunze.
Sikulipata. Nikamsomea karatasi ilivyo.

Alicheka hadi akakohoa.
"Basi daftari langu ni la kweli,
hakuna kilicholigusa.
Sasa nipe dawa yenyewe,
nikuandikie tofauti."

Akauchukua mkufu. Kulabu ilimshinda,
vidole vilikuwa vinatetemeka.
Nikamfungia mimi.