Pete Isiyo ya Dhahabu

Sjur ananigongea saa moja asubuhi,
giza la Januari bado limeilalia ghuba.
"Torgunn, nipe kipumulio changu,
makombe yamepanda bei Trondheim."
Simpi.

Mezani nimekivua nguo zote:
springi, vali, kiwambo laini kama utando wa maziwa,
na chumvi. Chumvi imejenga kijiji kizima
ndani ya shaba asiyoisuuza tangu Novemba.
"Ni chumvi tu," asema.
Chumvi tu! Ndiyo iliyotafuna vyuma vya gati letu.

Nalizamisha bomba la mpira ndooni,
nalipinda pale lilipovishwa soksi ya plastiki.
Kiputo kimoja.
Kinasita.
Kingine.
Nahesabu kwa macho, maana sikio langu la kulia
nililiacha mita ishirini na nane chini,
mashariki ya mnara wa taa.

Mwaka ule haraka ilikuwa yangu.
Pete ya mpira, nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga,
bei yake haifiki kikombe cha kahawa.
Niliona ina mkwaruzo.
Nikaipaka grisi, nikaibembeleza: wiki hii tu.
Haikunipa hata Jumatano.
Hewa yangu yote ilitoka kwa kelele nyeupe,
na kaka yangu Eilert akanitia mdomoni pumzi yake,
moja mimi, moja yeye, moja mimi,
tukapanda upesi kuliko masikio yanavyoruhusu.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, sawa,
lakini kule chini, Sjur,
nani atakuletea tofali?

Siku hizi nina pete mbili.
Ya ndoa hulala kwenye kisahani cha sabuni,
hunibana nikishika bisibisi.
Ile nyeusi, iliyokatika, iko ndani ya kiberiti
juu ya rafu, kando ya grisi.
Nikitaka kuapa, naiapia hiyo.

Bomba jipya litakuja na feri ya Alhamisi.
Sjur amenuna juu ya ndoo iliyopinduliwa,
anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.
Nje maji yametulia, yanamwita kwa jina,
naye anayatazama kama mtu aliyefungiwa karamuni.

Kisha anasema kitu, kwa sauti ndogo,
upande wa sikio bovu.
Namgeukia. "Rudia."
"Nimesema, inasuuzwaje?"

Namwambia ainuke.
Ndoo ndiyo hiyo aliyoikalia.