Unyoya Juu ya Cherehani

Nimeukuta asubuhi, kabla sijafungua dirisha la pili,
umelala juu ya cherehani kama umeletwa kushonwa.
Mhina, mwanafunzi wangu, kautazama akasema,
"Wa kunguru huo, fundi. Tupa."

Wa kunguru, sawa. Lakini kunguru yupi?

Miaka ishirini na sita nakata mabaibui
hapa Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
na asiyejua hudhani weusi ni mmoja.
Weusi wa kaniki una buluu iliyozama.
Weusi wa satini unateleza, jicho halipati pa kuketi.
Wa krepu hunywa mwanga wote, haurudishi chenji.
Basi nikatoka nao unyoya barazani,
nikaugeuza juani kama kitambaa cha mteja mbishi:
zambarau kidogo ubavuni,
kisha kijani, kama mafuta kwenye dimbwi la gereji,
kisha hakuna kitu, weusi tu.
Hapo sikupata jibu. Wote wawili hung'aa hivyo.

Maana wako wawili.
Yupo wa shali ya kijivu, mwembamba, mwingi,
huyu aliyeniibia kastabini ya marehemu mama
na kila siku anapiga kelele kama ndiye anayenidai.
Na yupo wa kizibao cheupe, mpana wa mabega,
aliyekuwa akitua ukutani kwetu nikiwa mdogo,
mama akimrushia ukoko wa wali, akimwita Shemeji.
Mjini sijamwona tangu nilipomzaa Zamzam.
Lakini kizibao hakifiki mikononi:
bawa la huyu jeusi, bawa la yule jeusi.

Nikashika futi.
Inchi kumi na robo, na ncha imekatika.
"Umekatika, haupimiki," Mhina akasema.
Mtoto huyu bado hajaletewa mkono wa kanzu ulioliwa na panya
akaambiwa akate mwingine kama ule.
Nguo husema ilikokuwa ikienda.
Nikaulaza juu ya karatasi,
nikafuata kingo zake kwa penseli, huku na huku,
nikaiacha mistari ishuke yenyewe hadi ikakutana:
kumi na mbili. Kasoro kidogo.
Wa shali hana unyoya wa urefu huo.

Nilitaka kufurahi.
Nikakumbuka juzi, vijana wa Jiji na ndoo zao
wakitandaza nyama ya sumu nyuma ya soko,
wakituambia tusihofu, ni kwa wale wa kijivu tu.

Sumu haisomi kola.

Husemwa kunguru mwoga hukimbiza bawa lake.
Huyu hakuwahi, au hakuwa mwoga,
au alikuwa anavua tu la zamani avae jipya.
Nimeupiga pini kwenye ubao wa vipande visivyo na mwenyewe,
karibu na kola ya Bi Mwanakheri, ambaye hakurudi.
Tangu hapo nikisikia mbawa nainua kichwa,
natafuta juu huko vazi lenye pengo
la inchi kumi na mbili kasoro,
na sindano imenichoma mara mbili leo,
kidole hakina kastabini.