Ninga Hakuwa Ninga

Msimu ule Mtambwe ilinuka karafuu hadi kwenye mito ya kulalia.
Mama kakaa jamvini, miguu kainyoosha,
makonyo huku, karafuu kule,
na sauti yake, ndogo, kama ya mtu anayehesabu deni:

*Ninga wangu kaniata, ninga wa shingo ya shani,*
*usiku namtafuta, yu wapi, yu mti gani?*

Nilikuwa na miaka saba. Niliamini.
Nikagema utomvu wa mfenesi, nikatafuna ulimbo
hadi meno yakashikana,
nikatega siku tatu nyuma ya choo.
Aliyenasa hakuwa ninga. Alikuwa tetere,
mwembamba, moyo ukimpiga kwenye kiganja changu.
Nikamfunika kwa upindo wa kanga.
"Mama, nimekupatia."

Mkono wake ukasita ndani ya lundo.
Akamtazama ndege, akanitazama mimi,
kisha akautazama mkarafuu wa tatu kutoka kisimani,
ule wenye tawi lililovunjika,
ambao kwetu hakuna aliyeupanda tena.
Hakusema kitu.
Akaleta mafuta ya nazi kwenye kifuu,
akamwosha tetere ulimbo, kidole kimoja kimoja,
kama anayemkogesha mtoto wa arubaini,
akamwachia.

Mamdogo Chumu ndiye aliyenambia, miaka baadaye, tukipara samaki:
jina la maiti ni zito kwa aliyemzaa,
ulimi haulibebi, basi wanawake huazima.
Huyu husema ninga, yule husema ndama.
Bi Mafunda wa Kojani, aliyezika watatu,
aliimba kaa aliyekatika magando.
"Na baba je?"
Baba hakuimba. Alimfuga fahali mwekundu
asiyempeleka mchezoni hata mara moja,
na fahali yule alimwita Shaame.

Mwaka huu nachambua peke yangu.
Mama tumemzika Mfunguo Mosi, mvua ikinyesha kaburini.
Vidole vyangu vimeshaanza kuwa vyeusi kama vyake
na wimbo umenifika kooni,
ila sijapata mnyama wa kumweka ndani.

Ninga ana mwenyewe.
Popo hakumpenda, alimlia mapera yake.
Komba hulia kwa kishindo, mama hakuwa na kishindo.
Kuku? Angenicheka.

*Nani wangu kaniata...*
naanza, nakwama hapo hapo.

Paka wake kaja kukaa ukingoni mwa jamvi,
upande alioukalia mama, anausubiri mguu wa kuegemea.
Huyu si mfano wa kitu. Huyu ni paka, ana njaa,
tangu juzi hali dagaa ninaowapa mimi.

"Mize," nasema. Nalisema tu, bila tuni.
Mize binti Faki.

Paka anageuza shingo, anautazama mlango.
Nami nautazama.
Lundo bado kubwa, na jua linashuka.