Timazi

Miaka thelathini baba alijenga kuta za watu,
Rau, Pasua, hadi juu Kibosho kwenye mteremko
ambako jiwe likikuponyoka
unalifuata kwa jirani.
Mgongo ulipoanza kumuuma tukasema ni mawe.
Mama akamchua kwa mafuta ya kondoo.
Muuza dawa wa Mbuyuni akasema ni figo;
wa Kiboriloni akasema ni umri,
akachukua elfu nane.

Jasho la usiku tulilisingizia blanketi.

Asubuhi moja ya Julai, mlima umejifunika gubigubi,
baba akateremsha miguu kitandani
na miguu haikujua kwamba imeteremshwa.

"Kifua kikuu," alisema Daktari Kokuhirwa.
"Mbona hakohoi?"
Akaibandika picha kwenye kioo chenye taa:
pingili mbili, kama za muwa ulioingiwa na fukusi,
zimeliwa, zimeinamiana,
na ubavuni mwake usaha umetanda,
jipu lisilo na moto,
linaukaba uzi unaopeleka habari miguuni.
"Cha kifua ni jina tu," akasema.
"Ugonjwa wenyewe haujui unaitwaje."

Vidonge vikaanza. Mkojo ukageuka rangi ya machungwa
na baba akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Usiku wa kuamkia kisu hakuuliza kama atapona.
Aliuliza watajengaje.
"Tutaingilia ubavuni, Mzee Aminiel,
tukwangue kilichooza
mpaka tufike kwenye mfupa unaotoa damu."
"Mpaka mwamba."
"Mpaka mwamba. Kisha tukate kipande cha ubavu wako
tukisimamishe pale katikati."
"Unabomoa ukuta kuziba ukuta?"
"Ndiyo."
Akanyamaza. Mimi niliogopa ule unyamavu.
"Sawa. Jiwe la ukuta uleule ndilo linaloshika.
Na nyuma?"
"Vyuma viwili, na skrubu."
"Nondo milimita ngapi?"
"Tano na nusu."
Akaguna. "Hata banda la kuku siliwekei hiyo."
"Ni titani, mzee."
"Hiyo sijawahi kuifunga," akasema,
akatia sahihi kwa mwandiko wa kupima vyumba.

Benchi lile lina misumari miwili iliyochomoza.
Ninaijua. Saa sita nilikaa katikati yake.
Shangazi na chupa yake ya mtori,
binamu Oforo aliyetoa damu anakula mkate
kama mtu aliyemaliza kazi ya dunia.
Kila mlango ulipofunguka tulisimama,
na kila mara ilikuwa kitanda cha mtu mwingine.

Halafu siku za nyayo.
Kila asubuhi daktari anapitisha ncha ya ufunguo:
"Hapa?" Hakuna.
"Hapa?" Hakuna.
Baba chali, macho mbele,
mimi nakata ndizi vipande visivyoliwa.
Siku ya tano akaniita kwa sauti ya kazini:
"Aikande. Ukuta ule umelala nje vidole viwili.
Nani alijenga wodi hii?"
Nikatoka nje nikalia, nikamshukuru fundi yule mbovu,
popote alipo.
Siku ya tisa kidole gumba cha kushoto kikatikisika,
kidogo, kama mtu anayekataa kitu kwa adabu.

Sasa ni Desemba, tuko uani.
Amevaa gamba la plastiki chini ya shati,
mguu wa kulia bado unachora mstari vumbini.
Vidonge vimebaki vya miezi saba.
"Lete timazi," anasema. "Ishikie hapa, kisogoni."
Naishusha. Uzi unayumba,
unayumba,
risasi inatulia nyuma ya visigino.
Sisemi kitu.
"Sema."
"Vidole viwili, baba."
Anafikiri kama anayepigiwa bei.
"Wodi ile ina miaka mingapi?"
"Wanasema arobaini."
"Haya," anasema. "Kunja uzi. Lete maji ya vidonge."